Jackie Chan na Methali ya Wachuuzi

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni nadra kumpata mwanafunzi wa Kiswahili ambaye hakuwahi kuitungia methali hii kisa katika insha ya shule. Kwa kawaida huwa kuna maduka mawili yanayotazamana: mwenye duka la kwanza hupiga kelele kutwa kucha na mwenye la pili hukaa kimya akahesabu fedha. Mtahini huridhika, alama hutolewa, na methali hubaki jinsi ilivyokuwa, haijatiwa kwenye mizani. Yafaa ipelekwe mahali penye soko halisi na hasara halisi. Mahali pamoja pa namna hiyo ni maisha ya mwigizaji Jackie Chan, ambaye sura yake inajulikana hata na watu ambao hawajui Hong Kong iko upande gani wa dunia.

Alizaliwa Hong Kong mwaka wa 1954, akaitwa Chan Kong-sang. Wazazi wake walikuwa watumishi katika makao ya balozi wa Ufaransa, baba akiwa mpishi. Alipokuwa na umri wa miaka saba hivi alikabidhiwa kwa mwalimu Yu Jim-yuen, aliyekuwa na shule ya opera ya Kichina, akakaa huko kwa takriban miaka kumi. Kuimba, kupinduka hewani, kucheza na silaha, kusimama kwa mikono hadi mishipa ikatetema, na kiboko juu ya hayo yote: ndiyo yaliyokuwa masomo. Alipotoka alikuwa bidhaa iliyokamilika. Tatizo ni kwamba wateja walikuwa wamekwisha kuondoka. Opera ilikuwa imepoteza watazamaji wake kwa sinema, na vijana waliolelewa kuwa wafalme wa jukwaa walikwenda kwenye studio kuomba kazi ya kupigwa na kuangushwa. Katika Fist of Fury (1972) na Enter the Dragon (1973) Jackie Chan yumo, miongoni mwa wanaotandikwa na Bruce Lee. Mtazamaji hakuwa na sababu ya kumkumbuka. Uzuri ulikuwepo mbele ya macho ya watu na haukujiuza. Hatimaye kijana huyo aliwafuata wazazi wake Australia, akafanya kazi ya ujenzi mjini Canberra. Huko ndiko alikopata jina la Jackie, kwa kuwa wenzake walishindwa kulitamka lake.

Bruce Lee alifariki Julai 1973 akiwa na umri wa miaka 32. Kifo hicho kiliacha pengo sokoni, na wafanyabiashara wakakimbilia kuliziba kwa njia iliyo rahisi kuliko zote, yaani kuiga. Wakazuka akina Bruce Li na Bruce Le, majina yaliyotungwa makusudi ili macho ya mteja yateleze. Katika mkumbo huo, mwongozaji Lo Wei, ambaye ndiye aliyekuwa ameongoza Fist of Fury, alimrejesha Jackie Chan kutoka Australia mwaka wa 1976. Akapewa jina la Sing Lung, lenye maana ya kuwa joka, kwa sababu jina la Kichina la Bruce Lee lilibeba joka dogo ndani yake. Akapewa pia filamu, New Fist of Fury, akaamriwa akunje uso na kulipiza kisasi. Filamu hiyo haikufua dafu, na kadhaa zilizoifuata ziliangukia papo hapo.

Kosa hilo si la kipaji. Nakala ina madhara ambayo mwenye kuiuza hayatambui upesi: humkumbusha mnunuzi kile alichokikosa. Kila Jackie Chan alipokunja ngumi kwa ghadhabu, ukumbi mzima ulimwona marehemu. Yeyote aliyesoma rundo la diwani za vijana wanaotunga kwa msamiati wa kuazima kutoka kwa magwiji atakuwa ameonja ladha hiyo hiyo.

Mwaka wa 1978 Lo Wei, akiwa hana la kupoteza, alimwazima mwigizaji wake kwa kampuni nyingine. Mwongozaji Yuen Woo-ping akatengeneza naye filamu mbili mwaka huo huo: Snake in the Eagle's Shadow na Drunken Master. Mhusika wa Drunken Master ni Wong Fei-hung, shujaa aliyekuwa akiheshimiwa mno katika sinema za Hong Kong kwa hekima na utu uzima. Humo alifanywa kijana mtundu, mvivu, mlafi, anayepigwa na kila mtu hadi mzee mlevi anapomtia adabu. Ni kana kwamba mtunzi wa leo angemchukua Fumo Liyongo akamwonyesha angali mvulana, akitoroka mazoezi ya mkuki ili aibe maembe. Watu walifurika. Bruce Lee alirusha teke juu. Huyu alilirusha chini. Bruce Lee alipiga bila kuhisi; huyu hupiga, kisha akaupunga mkono huku akikunja sura kwa maumivu. Mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba aliutafuta ukinyume huo kwa makusudi. Ile miaka kumi ya opera, yenye vichekesho vyake na sarakasi zake, ikapata pa kukaa.

Mtu angedhani kuwa kuanzia hapo mambo yangekuwa mteremko. La hasha. Kampuni ya Golden Harvest ilipompeleka Marekani mwaka wa 1980 kutengeneza The Big Brawl, mwongozaji aliyechaguliwa alikuwa Robert Clouse, yule yule wa Enter the Dragon. Kosa la Hong Kong likavuka bahari bila kubadili nguo. Mwaka uliofuata, katika The Cannonball Run, alivishwa uhusika wa Mjapani. Mwaka wa 1985 akawekwa katika The Protector kama polisi mwenye hasira wa New York. Matokeo yalimuudhi kiasi kwamba aliikata na kuiunga upya filamu hiyo kwa ajili ya watazamaji wa Hong Kong. Mwaka huo huo akaongoza mwenyewe Police Story, akiwa tena polisi lakini kwa kanuni zake, na ikatunukiwa tuzo ya filamu bora ya Hong Kong.

Hata hivyo, katika The Cannonball Run alikuwa ameokota kitu. Filamu hiyo humalizika kwa kuonyesha vipande vilivyokosewa wakati wa kupiga picha. Wenzake walivitumia kuchekesha tu. Yeye akaviona kama ushahidi. Tangu Dragon Lord (1982), mwisho wa filamu zake mtazamaji huonyeshwa alivyoteleza, alivyoanguka, alivyobebwa. Katika Project A (1983) aliachia mkono wa saa ya mnara akaporomoka kupitia vitambaa vya kivuli hadi chini, na filamu ikarudia anguko hilo ili asiyeamini aamini. Katika Police Story aliserereka kwenye nguzo iliyozungushiwa taa za umeme katikati ya duka kubwa, na tukio likaonyeshwa mara tatu. Alipokuwa akipiga picha za Armour of God (1986) huko Yugoslavia, alianguka kutoka mtini akavunjika fuvu la kichwa, nusura afe. Hilo nalo likaingizwa mwishoni mwa filamu. Ni mbinu ya mchuuzi anayemruhusu mteja akivute kitambaa kwa mikono yake kabla ya kulipa, na hapana shaka ilifaa. Lakini ina harufu ya damu. Kilichovutwa hapo ni mwili wa mtu, pamoja na miili ya kikundi chake cha waigizaji wa kuanguka, ambao majina yao hayakubandikwa ukutani.

Marekani ilifunguka miaka kumi na sita baada ya jaribio la kwanza. Rumble in the Bronx ilitoka Hong Kong mwaka wa 1995, ikaingizwa sauti za Kiingereza, kisha Februari 1996 ikaonyeshwa Marekani na kuongoza mauzo ya wiki yake ya kwanza. Ni filamu inayodai kuwa New York ilhali ilipigwa Vancouver, na milima inaonekana nyuma ya majengo! Wateja hawakujali. Safari hii waliuziwa Jackie Chan mwenyewe, si kivuli cha mwingine. Rush Hour ya 1998, akiwa na Chris Tucker, iliingiza zaidi ya dola milioni 240 duniani.

Mafanikio hayo yana bei yake. Alimwoa Joan Lin mwaka wa 1982 na kuificha ndoa hiyo kwa miaka mingi, kwa kuwa wapenzi wake wa kike, hasa wa Japani, walimtaka akiwa mseja. Baadaye uso wake ulibandikwa kwenye bidhaa chungu nzima. Mwaka wa 2010 jarida moja la Hong Kong lilidai kwamba shampuu aliyoitangaza ilikuwa na kemikali ya hatari. Kampuni ilishtaki na mwaka wa 2016 mahakama ikaipa ushindi, lakini wanunuzi walikuwa wamekwisha kukimbia. Aliyejitembeza sana hana tena mlango wa kufunga.

Kuna wachuuzi wengine ambao Jackie Chan hakuwaajiri wala hakuwajua. Filamu za kung fu zilipofika Afrika Mashariki kwa kanda, zilikuta vibanda vya video vyenye viti vya mbao na watazamaji ambao Kikantoni na Kiingereza havikuwafaa kitu. Wakatokea wasimulizi: Lufufu nchini Tanzania, DJ Afro nchini Kenya, na wengineo. Hawa huzungumza juu ya filamu kwa Kiswahili cha mtaani, wakaongeza mizaha, wakawapa wahusika majina ya nyumbani na kuwaeleza watazamaji mambo ambayo hayakuwa kwenye hati ya filamu. Mwenye haki ya kazi hapati kitu hapo, na mwanasheria angekuwa na mengi ya kusema. Lakini Kiswahili kiliuza viti katika vibanda hivyo jioni baada ya jioni, kwa watu wanaolipa kutoka mfukoni mwao bila kulazimishwa na silabasi. Wakati huo huo riwaya za Kiswahili hukaa ghalani zikingoja kuteuliwa kuwa vitabu vya kutahiniwa, na zisipoteuliwa, aghalabu mwandishi huambiwa kwamba wasomaji hawapo. Ni tasnifu ngapi za idara za Kiswahili zilizowahi kwenda vibandani kuwatafuta?