Chura Wetu Aliyepanda Ndege

Ndugu msomaji, leo nina aibu kidogo ya kuungama.

Nilisoma Mlimani miaka mitatu. Nilijua njia zote za mkato, nilijua mama gani anapika chapati laini. Sikujua kwamba chuo hicho hicho kilijengewa mahali pa kulelea vyura waliotoka Marekani! Nimejua juzi tu, nikitafuta habari za umeme.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1996, kwenye maporomoko ya Kihansi, milima ya Udzungwa, watafiti walimkuta chura wa njano asiyezidi sentimita 3. Hatagi mayai, anazaa vichura kamili. Aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko hayo tu, duniani kote hapakuwa na kwingine. Mwaka 2000 mtambo wa umeme wa megawati 180 ukaanza kazi, maji karibu yote yakachepushwa. Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Huyu hata kelele zake hatukuzisikia.

Mwishoni mwa mwaka huo huo vyura 499 wakasafirishwa hadi Bronx Zoo, New York. Baadaye Toledo Zoo, Ohio, nayo ikawa inawazalisha. Huku nyumbani yalifungwa mabomba ya kunyunyizia maji, lakini mwaka 2003 wakapukutika, na ugonjwa wa ukungu ukaonekana kati yao. Mwaka 2009 ikatangazwa kuwa porini wametoweka. Mwaka 2010 vyura 100 wakarudi Dar, na mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa Kihansi.

Sasa kinachonikereketa ni hiki. Mwaka huo wa 2010 Bronx Zoo iliwaweka vyura hao mahali pa kutazamwa na wageni. Fikiria mtoto wa New York amebandika pua kwenye kioo, anatafuta kidude cha njano kwenye majani mabichi, anaambiwa kimetoka Tanzania na kwa nini kilihamishwa. Mtoto huyo anajua uhusiano wa taa na chura. Mimi nimewasha taa maisha yangu yote, sikuujua.

Zamani niliona bustani za wanyama ni jela zenye kiingilio. Nani ataniambia simba wa kwenye banda ananifundisha nini wakati Mikumi ipo? Bado banda dogo lenye simba mmoja aliyechoka sioni linafundisha nini. Ila kioo chenye kisa, tena kisa chenye mpango wa kumrudisha mnyama kwao, hiyo ni shule.

Nilimpelekea mhariri wangu wazo hilo.

"Mkuu, nina stori ya chura."

Chumba kizima kikacheka. Mjini siku hizi ukisema chura watu wanafikiria viuno.

"Kijana, chura anauza gazeti?"

Sikujibu. Nikarudi kwenye bei ya unga. Na hiyo ndiyo aibu yangu kubwa kuliko ile ya Mlimani, maana pale sikujua, lakini hapa nilijua nikanyamaza.

Kwa hiyo nimeiandika hapa. Kioo sina, nina kurasa hizi tu. Wewe je, ulishamsikia chura huyu kabla ya leo? Na kama ndiyo, nani alikuambia, mwalimu wako au Mmarekani?