Mguu wa kiti wenye vitovu viwili

Mbali na kuwaletea habari, mimi ni seremala hapa Goma. Nakereza miguu ya viti. Mguu mwembamba wenye wayo unahitaji vitovu viwili. Wayo naukereza kwenye kitovu cha kati, kisha nahamisha ncha ya chini pembeni kidogo ili nikereze kifundo. Hapo mti unayumba: jicho linaona kivuli, patasi inagusa mti na hewa kwa zamu. Napunguza mwendo, nakata kidogo kidogo; ukiharakisha, unavunjika.

Vijana waliokimbia vita wananiuliza: tutajifunzaje bila mashine? Nawajibu: anzeni kunoa patasi na kutafuta kitovu kwa mistari miwili, pembe hadi pembe. Jicho na mkono mmekuja navyo. Atelie iko wazi.