Wembe wa Baba

Mlango wa stoo ya nyumbani kwetu Njombe una maandishi ya penseli upande wa ndani, kuanzia usawa wa kitasa hadi karibu na sakafu. Wageni hudhani ni hesabu za mbolea. Ni vipimo vya valvu za pikipiki: tarehe, kilomita, valvu ya kuingiza, valvu ya moshi. Mstari wa juu kabisa niliuandika mimi Juni 2003. Juu ya hapo hakuna kitu, kwa sababu kabla ya mwaka huo tapeti zilikuwa kazi ya masikio.

Baba alikuwa bwana shamba. Pikipiki yake ya kwanza ya kazi ilikuwa Yamaha AG100, ya zile zinazounguza oili pamoja na petroli na kuacha moshi wa samawati nyuma yao. Injini ya namna ile haina tapeti za kurekebisha. Hewa na moshi hupitia matundu ya ukuta wa silinda, na pistoni yenyewe ndiyo huyafungua na kuyafunga ikipanda na kushuka. Ukisafisha plagi na kabureta, umemaliza. Mwaka 1994 mradi ukamletea AG200, nasi watoto tukajipanga ukutani kuitazama: keria mbele na nyuma, stendi ya kuegemeza kila upande, mnyororo uliofunikwa usile vumbi. Ilikuwa imeundwa kwa watu wa mashamba, na ilionekana hivyo. Baba alipoiwasha, ikatoa sauti tusiyoizoea, mlio mwembamba ndani ya mngurumo, tiki tiki tiki, mfano wa cherehani inayoshona chumba cha pili.

Ile sauti ilimnyima raha. Mtu aliyezoea AG100 aliisikia kama ugonjwa. Akaenda kwa fundi, akafundishwa namna ya kuiondoa, na tangu hapo kila baada ya miezi kadhaa tulikuwa na ibada yetu uani. Baba alirudi kutoka vijijini, akaegesha pikipiki injini ikiwa bado ya moto, akafungua vifuniko viwili vya kichwa cha silinda, akachomeka wembe wa kunyolea kati ya skrubu ya tapeti na shina la valvu. Wembe ukipita kwa shida, ni sawa. Akakaza nati, akawasha, akainamisha kichwa. Bado inagonga? Anazima, anakaza tena kidogo. Mimi nilishika tochi na kibati cha nati. Alikuwa akiniita mama, kama baba wengi wanavyowaita binti zao. “Mama, sikiliza,” alisema siku ile iliponyamaza kabisa. “Sasa imepona.” Nami niliamini.

Alipostaafu aliinunua kwenye mnada, ikawa yetu. Mapema mwaka 2003 ikaanza kusumbua. Asubuhi iliwaka, lakini ikishapata moto ilikataa, na kiki ilishuka chini ya mguu bila kuzuiwa na chochote. Siku moja akiwa njia ya Ludewa ikapoteza nguvu mlimani, ikawa inapigapiga kwenye ekzosi, akaisukuma hadi kijiji cha jirani. Tulipovua kichwa cha silinda, valvu ya kuingiza ilikuwa nzima. Ya moshi ilikuwa imeliwa ukingoni, pengo dogo kama sahani ya udongo iliyomeguka, na pembeni yake chuma kimebadilika rangi.

Wakati huo nilikuwa nasoma ufundi, na mwalimu wetu alinieleza jambo ambalo bado naona ndilo kubwa kuliko yote katika kazi hii. Valvu ya moshi hupitiwa na moto. Haina maji ya kuipoza. Sehemu kubwa ya joto lake huitoa pale inapokalia kiti chake na kuipitisha kwenye kichwa cha silinda. Injini ikipata moto, chuma hutanuka, na ule mwanya mdogo wa tapeti ndio nafasi iliyoachwa kwa ajili hiyo. Ukiumaliza mwanya ili kuua sauti, valvu haikai sawasawa tena kitini. Moto hupenya kwenye ufa, ukingo huungua, na hakuna anayesikia lolote. Ile tiki tiki tuliyoifukuza miaka yote ilikuwa ikitupa habari njema.

Nilipata nakala ya kitabu cha pikipiki. Valvu ya kuingiza, milimita 0.05 hadi 0.09. Ya moshi, 0.11 hadi 0.15. Vyote hupimwa injini ikiwa baridi kabisa. Kisha nikauliza unene wa wembe: milimita 0.1. Nilikaa na namba hizo muda mrefu. Wembe wa baba ulikuwa umeangukia katikati, mnene mno kwa valvu moja na mwembamba mno kwa nyingine, na tena tuliutumia chuma kikiwa cha moto, halafu tukakaza zaidi kwa kufuata sikio.

Valvu mpya ilikuja na basi kutoka Dar es Salaam. Katika mzigo huohuo nilikuwa nimeagiza fila geji kutoka Kariakoo, rundo la vibati vyembamba vilivyofungwa pamoja kama upepeo, kila kimoja na namba yake. Tuliisaga valvu kitini kwa pesti, tukafunga kichwa, tukaiacha pikipiki usiku kucha. Asubuhi ya Juni huku Njombe huhitaji kuuliza kama injini imepoa. Nati zilitubana vidole kwa baridi. Nikatoa plagi ili injini izunguke kwa wepesi, nikazungusha magneti polepole kwa spana hadi alama ya T ikatokea dirishani. Baba akataka tuanze. Nikamwomba kwanza atikise tapeti. Zilikuwa zimebana. Pistoni ilikuwa juu, ndiyo, lakini juu ya kutoa moshi, na mtu akipima hapo anapima uongo. Mzunguko mmoja tena, T ikarudi, safari hii tapeti zote mbili zikacheza.

Kazi iliyobaki ni ya subira. Unalegeza nati, unageuza skrubu, kibati kinapita kwa kuvutwa kidogo. Unakaza nati, na nati inaiburuta skrubu, mwanya unabadilika, unaanza upya. Kwa upande wa moshi nililenga 0.13. Baba alitazama bila kusema neno, wembe wake ukiwa mfukoni. Alipoiwasha na kusikia tiki tiki imerudi, alinitazama kwa mashaka ya kweli. Aliivumilia wiki nzima ndipo akaniambia inapanda mlima vizuri.

Tangu hapo mlango umejaa. Ukiusoma kutoka juu, utaona upande wa moshi mwanya unapungua kati ya kipimo na kipimo, 0.13 inakutwa 0.12, au 0.11, kwa sababu valvu huzama taratibu kitini mwake. Namba za kuingiza hazibadiliki sana. Kuanzia 2014 mwandiko ni wa baba. Masikio yake yalikuwa yamefifia, tiki tiki haisikii tena, na geji ikawa yake kuliko ilivyokuwa yangu. Vidole vyake vinaijua 0.12 na 0.13 kwa mvuto tu, bila kusoma namba. Mimi mpaka leo lazima nisome.

Siku hizi kazi nyingi uani ni za bodaboda. Pikipiki nyingi za Kichina wanazoendesha vijana wetu zina injini iliyotokana na Honda CG125 ya mwaka 1976, ambayo wabunifu wake waliiwekea fito za kusukuma valvu badala ya mnyororo, wakijua itakwenda mahali ambapo matengenezo ni ya nadra. Kipimo chake ni 0.08 pande zote mbili. Juni iliyopita kijana wa jirani alileta yake, inakataa kuwaka ikipata moto. Niliilaza usiku, asubuhi nikapima: kibati cha 0.03 kilikataa kuingia upande wa moshi. Tulikuwa tumeiwahi. Nikaifungua hadi 0.08, tukawasha.

“Shangazi,” akasema kwa huzuni, “mbona sasa inagonga?”

Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni pa stoo. Aliona midomo ya kijana, hakusikia swali, lakini alilijua. Akainuka, akaweka kiganja juu ya tangi, akakiacha hapo kitambo injini ikiunguruma.

“Iache igonge,” akamwambia, akanipa penseli. Chini ya mstari wa mwisho wa AG200 nikaandika tarehe, namba ya pikipiki ya yule kijana, na 0.08 mara mbili.