Kiingereza katika Mtihani wa Serikali

Kila mwaka wazazi wa Butembo na wa Beni hutujia na swali moja: "Mwalimu, mtoto wetu atawezaje Kiingereza katika Examen d'État?" Wana haki ya kuuliza. Mtihani huo, ulioanzishwa mwaka 1967, ndio mlango wa chuo kikuu. Asiye na diploma yake haandikishwi kwenye Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, hapa Butembo, wala penginepo nchini. Na siku ya lugha, Kifaransa peke yake hakitoshi.

Basi, jioni mbili kila juma twakaa na wanafunzi wa mwaka wa mwisho katika chumba cha katekesi. Wengi huja na makaratasi ya miaka iliyopita, nao wamekwisha kukariri: swali la kwanza jibu la tatu, swali la pili jibu la tano. Kazi bure! Mwaka mpya huleta habari mpya na maswali mapya. Wengine hunong'onezwa ya kuwa yuko mtu auzaye majibu usiku wa kuamkia mtihani. Fedha ambayo mama ameipata kwa kuuza unga wa mihogo, heri inunue kamusi.

Makaratasi ya zamani yana faida nyingine. Twasoma habari yote kwanza, kisha maswali, kisha twarudi kutafuta mstari wenye jibu. Kila mmoja sharti aweke kidole juu ya mstari huo. Asiyeuona, jibu lake hatulipokei hata likiwa sawa. Walinung'unika sana juu ya sheria hii.

Kadiri tulivyoona, shida kubwa haitoki katika Kiingereza chenyewe, yatoka katika Kifaransa. Wakisoma attend, wadhani ni attendre, yaani kungoja. Kumbe ni kuhudhuria. Library waifanya duka la vitabu, kumbe ni mahali pa kusomea na kuazima vitabu. Mtu sensible kwa Kiingereza ni mwenye busara, siyo mwepesi wa kuguswa moyo. Lakini wanaoanguka zaidi huangushwa na maneno mawili madogo mno: his na her. Sisi kwa Kiswahili twasema "mama yake", bila kuonyesha kama mwenye mama ni mvulana au msichana. Mfaransa husema sa mère, kwa sababu mama ni mwanamke. Mwingereza hamtazami mama, humtazama mwana: wa kiume ni his mother, wa kike ni her mother. Swali likiuliza mama ni wa nani, wa Paulo au wa Maria, asiyejua jambo hili hubahatisha tu.

Aliyelielewa upesi kuliko wote ni msichana mmoja wa upande wa Beni. Jamaa zake walikikimbia kijiji kwa ajili ya mauaji yaliyoanza katika eneo lile mwaka 2014, naye akapoteza masomo ya miezi mingi. Kitabu hana. Alijitengenezea chake: huokota maboksi ya bidhaa zinazotoka Uganda kwa njia ya Kasindi, akanakili maneno yake katika daftari. Keep dry, weka pakavu. Shake before use, tikisa kabla ya kutumia. Wenzake walimcheka, na sasa wao pia wanaokota maboksi. Wachuuzi wetu wavukao mpaka walijua zamani faida ya lugha hiyo, kabla Kongo haijaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022.

Wazazi, twawaombeni jambo moja: mtoto akirudi jioni, msimtume kuteka maji mara ya tatu. Mwacheni na daftari lake saa moja.

Msichana yule anataka kufanya mtihani hapa Butembo. Bado ada ya kushiriki. Mjomba wake ameahidi kuileta baada ya kuuza maharagwe, nasi twamngoja.