Risasi za Baba Mkwe

Kiswahili kimetumia neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni metali laini ya kijivu, na risasi ni kile kinachotoka kwenye bastola. Nilipokuwa shule ya msingi Changamwe niliona ni uvivu wa lugha. Sasa naishi Missouri, jimbo ambalo limechimba risasi kwa vizazi na vizazi, na kwa baba mkwe wangu maana zote mbili zinakaa kwenye sufuria moja.

Najua msomaji wa Nairobi ameshaanza kuangalia mlango. Kwetu, kukutwa na risasi hata moja bila kibali ni kesi. Huku, mtu anaruhusiwa kujitengenezea risasi zake nyumbani, mradi asifanye biashara ya kuziuza bila leseni. Mzee hukusanya vile vizito vidogo ambavyo fundi hubana kwenye rimu akibalansi tairi, anaviyeyusha, anamimina kwenye kalibu, anapata vichwa vya risasi. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi. Siku hizi vizito vingi ni zinki, ambayo husubiri mpaka 419, kwa hiyo yeye hukaa na kipimajoto na kuopoa chochote kinachoelea. Mtu mwenye subira, bana.

Ubishi wa nyumba yetu unaanzia hapo. Je, kichwa kikitoka kwenye kalibu, ukipitishe kwanza kwenye tundu la chuma linalokibana kifikie unene kamili, au ukijaze kwenye ganda kilivyo? Mume wangu anasema zote zipitishwe, tena kwenye tundu moja, tumalize. Baba yake anasema hapana, pima kwanza.

Mimi ni nesi, bunduki sijui. Lakini macho ya mzee yamechoka na maikromita ina mistari midogo kama nywele, basi akaniita: "Binti, nisomee hii." Kwa watu wa mama yangu, Bungoma, baba mkwe hata mkono hampeani. Hapa nimekaa naye bega kwa bega tukisoma elfu za inchi.

Na kusema kweli, mzee yuko sawa. Chukua bastola yake ya zamani, ile ya silinda, wanayoiita .38. Jina lenyewe ni uongo: risasi yake ni kama inchi 0.358. Vichwa vya kalibu yake vinatoka 0.359. Midomo ya silinda yake nayo ni 0.359, mtutu 0.357. Kichwa kinapita mdomoni kwa kusukumwa na kidole gumba, kisha mtutu unakikamata sawasawa. Hapo unapitisha kwenye tundu ili iweje? Ukikibana mpaka kiwe chembamba kuliko mtutu, gesi ya moto ya baruti inapenya pembeni, inakula ubavu wa risasi, na mtutu unabaki umepakwa utando. Alinionyesha alichokwangua kwenye bastola ya rafiki yake: vipande kama karatasi ya sigara, vinang'aa. Watu huogopa risasi nene, kumbe kwa risasi laini, ile nyembamba ndiyo inayoharibu shabaha.

Bastola ya mume wangu ni habari nyingine. Ni ya milimita 9, ya magazini, inajilisha yenyewe. Kupima mtutu tulitumia kipande cha risasi laini, mfano wa chubwi la mvuvi. Mzee alipaka mtutu mafuta, akakipitisha kwa ufito wa mbao na nyundo, taratibu, kisha nikakisoma: 0.355. Vichwa vya kalibu hiyo vilikuwa 0.358. Risasi iliyojazwa nacho iliingia nusu chemba ikakwama. Hizo lazima zipitishwe, zishuke hadi 0.356. Nyumba moja ina bastola mbili na majibu mawili, na mume wangu hapendi majibu mawili.

Ningeishia hapo kama nisingekuwa na mimba ya miezi mitano.

Siku moja nilikaa nikahesabu ni mara ngapi kichwa kimoja kinashikwa. Kukitoa kwenye kitambaa. Kukikagua. Kukipaka nta. Kukipitisha. Kukipaka nta tena. Kukipanguza. Kukijaza. Ukiacha tundu, mara tatu hivi zinaondoka. Na mzee alikuwa akiifanya kazi hiyo kwenye meza ya jikoni, akiangalia Cardinals wakicheza, huku anakula karanga kwa mkono uleule.

Risasi haihitaji kufyatuliwa ikudhuru. Mkono ukienda mdomoni, inatosha. Mwili huificha kwenye mifupa, na mama akiwa mjamzito mifupa hiyo huirudisha kwenye damu, ikamfikia mtoto. Mtu wa Mombasa hahitaji kuambiwa. Owino Uhuru iko pale Mikindani. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliacha watoto na sumu mwilini, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3. Hakuna aliyefyatua chochote pale.

Nilimpeleka Baba kupimwa damu. Ikasoma mikrogramu 11 kwa desilita. Kwa watoto, huku Marekani, 3.5 tu inatosha kuwafanya madaktari wafuatilie. Alinyamaza kwenye gari mpaka tukafika, kisha akauliza kama mikono yake ndiyo imefanya hivyo, au ni moshi wa kule anakoenda kulenga shabaha. Nikamwambia pengine vyote viwili, Baba.

Meza ya jikoni ameitoa mwenyewe, ameunda nyingine gereji. Glavu anavaa, ingawa analalamika kwamba hasikii chuma. Nimemnunulia kipimo chenye tarakimu kubwa, hanihitaji tena kusoma. Hilo limemuuma kidogo, naliona. Limeniuma na mimi.

Jumamosi walipitisha vile vya milimita 9, vichwa 200, yeye na mwanawe, mlango wa gereji ukiwa wazi na baridi ikiingia. Vile vya .38 viko kwenye mkebe wa kahawa, juu kwenye rafu, vilivyo kama vilivyotoka kwenye kalibu. Mume wangu bado anavitazama kwa jicho la pembeni.