Umuko wa Mlangoni Petu

Watu wa Ulaya huusifu mti wa magnolia, kwa kuwa aina zake nyingine hutoa maua kabla ya kuota majani. Sisi wa Kingi, katika milima ya Masisi, tunao wetu wenye tabia hiyo, nao ni umuko. Wakati wa kiangazi majani yake hupukutika, kisha matawi makavu huvaa maua mekundu kama makaa ya moto, na ndege chozi huja kunyonya utamu wake.

Mwaka 2006 tulikata tawi nene kama mkono, tukaliacha siku chache hata jeraha lake likauke, tukalisimika mbele ya nyumba mvua za Septemba zilipoanza. Mzee mmoja jirani yetu akatukemea: “Wanangu, huo ni mti wa Ryangombe. Mkristu hapandi mti wa mizimu mlangoni pake.” Kweli, tangu zamani wafuasi wa Ryangombe walifanya ibada zao penye umuko, maana yasimuliwa kwamba alipopigwa pembe na nyati alitupwa juu ya mti huo. Tulimjibu kwa heshima: “Baba, mti haukuomba kuabudiwa. Aliyeuumba ndiye aliyeumba na mahindi tunayokula.” Hakuridhika, akaacha kupita kwetu. Jambo hilo lilituuma.

Desemba 2007 vita vilifika Mushaki na Karuba. Tukakimbia, tukakaa kambini Mugunga. Tuliporudi mwaka 2009, nyumba ilikuwa majivu, na ua umeteketea. Umuko nao ulikuwa mweusi. Lakini gamba lake nene kama kizibo lilikuwa limeukinga na moto, na machipukizi yalikuwa yakitoka. Tulilia, kisha tukaanza kujenga.

Mzee naye alirudi. Akasimama mbele ya mti kitambo, kimya. Hatimaye akasema: “Wanangu, nikatieni tawi.” Siku hiyo tulipatana.

Anayetaka kuupanda na akumbuke mambo mawili. Shina lina miiba, basi liwe mbali kidogo na njia. Tena mbegu zake nyekundu zenye doa jeusi zina sumu. Watoto wasizitie kinywani. Mizizi yake hurutubisha udongo, hata maharagwe yaliyo karibu hufaidika.

Mwenye kuhitaji tawi na abishe hodi kwetu, au kwa mzee wetu. Maana siku hizi naye huwagawia majirani.