Karatasi ya Baba Krismasi

Berlin, Baba Krismasi hasubiri watoto walale. Anakuja jioni ya tarehe 24 Desemba, anapanda ngazi kwa miguu yake, anabonyeza kengele ya mlango na kusimama katikati ya sebule huku watoto wakimkodolea macho. Mzazi ndiye anayemkodi na kumlipa, na ndiye anayemwandalia nyumba. Mimi na mume wangu tulitoka Moshi, ambako Krismasi ya utotoni ilikuwa ibada, nguo mpya na nyama ya kutosha. Kazi ya kumpokea mzee huyu ilibidi tufundishwe.

Aliyetufundisha ni jirani wa ghorofa ya chini, mama wa Kijerumani mwenye wajukuu. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, binti yetu wa kwanza akiwa ameanza chekechea na kurudi kila siku na habari za Weihnachtsmann, kama wanavyomwita huko. Jirani alitupa namba ya simu ya ofisi inayowatafutia wanafunzi vibarua. Kumbe jambo hilo lilikuwa na mizizi: tangu mwaka 1949 wanafunzi wa vyuo vikuu vya Berlin wamekuwa wakivaa joho jekundu na ndevu za bandia kila mkesha wa Krismasi ili wajipatie chochote. Wasichana wengi huenda nao wakiwa malaika.

Jirani alituonya tupige simu mapema. Mwezi Desemba jua la Berlin huzama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo kila mzazi anaitaka saa kumi au kumi na moja: nje giza, ndani watoto wadogo hawajaanza kusinzia. Anayechelewa hupewa saa nane mchana, wakati ndevu za bandia zinaonekana wazi kuwa za bandia, au saa mbili usiku, wakati mtoto keshalia na kulala.

Kisha yakaja maandalizi yenyewe. Zawadi zote hutiwa kwenye gunia moja, na kila moja huandikwa jina la mwenyewe kwa herufi kubwa, maana msomaji ana nyusi za pamba zinazomwangukia machoni. Gunia hufichwa nje ya mlango, au kwa jirani, au kwenye stoo ya chini ambako watu wa jengo huweka baiskeli, naye hulichukua kabla ya kubonyeza kengele. Televisheni huzimwa. Mbwa, kama yupo, hufungiwa chumbani. Wajerumani wengine bado huwasha mishumaa ya kweli kwenye mti, na jirani alisisitiza isiwekwe karibu na njia, kwa sababu ndevu zile hushika moto haraka. Pombe asipewe hata kidogo: ana nyumba nyingi za kupita, na kila nyumba ikimkaribisha kikombe, ya mwisho itapokea mlevi. Malipo yaliwekwa kwenye bahasha na kupachikwa mahali ambapo watoto hawafiki. Bahasha zetu za kwanza zilikuwa na noti za mark, na kuanzia Krismasi ya 2002 zikawa na euro.

Hayo yote yalikuwa mepesi. Kilichotusumbua kila mwaka ni karatasi.

Pamoja na gunia, mzazi humwachia Baba Krismasi karatasi yenye habari za watoto. Yeye huibandika ndani ya kitabu kikubwa cha rangi ya dhahabu, kisha hukifungua mbele ya watoto na kusoma kana kwamba ameandikiwa mbinguni. Jirani alituonyesha zile alizowaandikia wanawe zamani. Zilikuwa hati za mashtaka: huyu hali mboga, yule anajibizana na mama yake. Enzi hizo Baba Krismasi alikuja na kitita cha fito mkononi, na mtoto alisimama akitetemeka huku akikariri shairi. Lililopendwa zaidi lilikuwa la Theodor Storm kuhusu Knecht Ruprecht, mtumishi anayegawa zawadi, la mwaka 1862, na ndani yake fito zimo pia. Shairi likiisha bila kukwama, gunia lilifunguliwa.

Sisi tulizikuta fito zile zikiondoka. Mwaka 2000 sheria ya Ujerumani ilimpa mtoto haki ya kulelewa bila kupigwa. Siwezi kusema sheria ndiyo iliyomnyang'anya Baba Krismasi fimbo, lakini waliokuja kwetu hawakuwa nayo. Karatasi, hata hivyo, iliendelea kuandikwa kwa mtindo uleule wa mashtaka, nasi tukaufuata.

Mpaka mama yangu alipokuja kututembelea. Usiku wa tarehe 23 nilikuwa mezani naandika, yeye anachambua mchele wa pilau ya Krismasi. Akaniomba nimsomee. Nikamsomea: binti hataki kupiga mswaki, anampiga mdogo wake, anadanganya kuhusu kazi za shule.

"Na huyo atakayesoma ni nani yenu?" aliuliza.

"Ni mwanafunzi tu, Mama. Tumemkodi."

Akaacha mchele. "Mwanangu, aibu ya mtoto wako unampa mtu wa kukodiwa aitangaze mbele ya wageni? Ya nyumbani yamalizeni nyumbani."

"Sasa niandike nini?"

"Andika alivyonishika mkono kwenye barafu."

Siku chache kabla, walipokuwa wakitoka kituo cha treni cha Rehberge, njia ilikuwa imeganda, na mtoto alimshika bibi yake mkono mpaka mlangoni, akimwonyesha pa kukanyaga. Hakuna aliyemtuma. Nikaichana karatasi na kuandika hilo tu.

Kesho yake Baba Krismasi alifungua kitabu akasoma. Binti alimtazama bibi yake, akamtazama tena mgeni, akauliza kwa Kijerumani: "Umejuaje?" Shairi alilokuwa amelikariri wiki nzima likamtoka kichwani, na hakuna aliyejali. Mgeni alipotaka kuondoka Mama alizuia mlango: mtu hatoki nyumbani kwake bila kula. Tulimweleza kwamba kijana anasubiriwa kwingine. Akamfungia maandazi kwenye karatasi ya foili, akanong'ona kwa Kiswahili kwamba viatu vya yule mzee ni vya kijana mwenye miaka ishirini.

Tangu hapo hatukuandika tena mashtaka. Baadaye niliona hatukuwa peke yetu. Simu ya ofisi ikageuka fomu ya intaneti, bahasha ikageuka malipo ya benki, na wazazi wengi wa Kijerumani nao wakaanza kuomba watoto wao wasifiwe tu. Mwaka 2020, wakati wa korona, watu walikatazwa kukusanyika, na Baba Krismasi wengine walisimama uani au wakazungumza na watoto kwa video. Hata anwani tuliyokuwa tukiiandika kila mwaka imebadilika. Mtaa wetu katika eneo la Wedding uliitwa Petersallee, jina ulilopewa mwaka 1939 kwa heshima ya Carl Peters, mkoloni aliyenyonga watu kwetu Kilimanjaro. Tangu Agosti 2024 sehemu yake moja inaitwa Maji-Maji-Allee.

Binti yetu alipofika chuo kikuu akachukua kibarua cha malaika. Yeye ndiye anayemshikia Baba Krismasi kitabu, kwa hiyo husoma karatasi za watu kwenye ngazi kabla mlango haujafunguliwa. Anasema siku hizi zimejaa sifa zisizo na mwili: mtoto mwema, mwenye akili, anayependwa na wote. Mtoto husikia, hutabasamu kwa adabu, kisha macho hurudi kwenye gunia.

Mwaka jana mdogo wangu, aliyehamia Spandau, hapahapa Berlin, na mtoto wa miaka mitano, alitaka kumkodi Baba Krismasi kwa mara ya kwanza, na karatasi akaniachia mimi niliyeizoea. Niliandika mistari mitatu, nikampa binti yangu aipitie. Aliirudisha.

"Mama, hii ni ya mtoto yeyote. Mwulize mama mdogo: wiki hii mtoto amefanya nini?"

Nikampigia mdogo wangu simu. Alifikiri kidogo, akasema hakumbuki kitu. Nikamwambia akae naye siku mbili amwangalie, kisha anipigie yeye.